Homoni Ipi?

Leo tunazungumzia maradhi ambayo siku hizi kila mwanamke anaambiwa anayo, ingawa ni wachache waliopimwa. Akikosa siku zake miezi miwili, ni homoni. Akitokwa na damu wiki mbili mfululizo, ni homoni. Akinenepa, akikonda, akiota ndevu kidevuni, akikosa usingizi, akichoka kabla ya saa nne asubuhi, jirani atamwambia homoni zimevurugika, na jua halijazama atakuwa ametajiwa namba ya simu ya mtu anayeuza kopo la unga wa kuziweka sawa. Kopo ni lile lile, kwa aliyekonda na kwa aliyenenepa, na hapo ndipo shaka yangu inapoanzia. Dai langu ni hili: anayemwambia mwanamke kwamba homoni zake zimevurugika hajamwambia kitu bado, mpaka ataje ni homoni ipi, imezidi au imepungua, na yeye amejuaje. Ushahidi wa dai hili hatuna haja ya kuufuata Ulaya. Uko kwenye nyanda zetu hizi za Iringa, Mbeya na Njombe, shingoni mwa bibi zetu.

Lakini tuanzie kwenye benchi la wagonjwa. Hospitali ya Tosamaganga, jirani na Kalenga, ni ya Jimbo Katoliki la Iringa na imekuwa hospitali teule ya wilaya kwa miaka mingi. Kama hospitali nyingine za ngazi yake, inatibu kisukari na shinikizo la damu. Mgonjwa wa kisukari anayesubiri kuitwa jina lake pale ana ugonjwa wa homoni kwa maana kamili kabisa: homoni ya insulini, inayotengenezwa na kongosho, ama haitoki ama mwili umekataa kuitii. Hata hivyo hakuna anayemwambia kwamba homoni zake zimevurugika. Tangu Frederick Banting na Charles Best walipoipata insulini kule Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza akachomwa sindano yake mwaka uliofuata, ugonjwa huu una kipimo, una dawa na dozi, na una daftari la kliniki. Sikatai kwamba wauza makopo wapo hata kwenye kisukari. Ila mgonjwa wa kisukari ana kitu cha kuwahukumia. Akinywa unga mwezi mzima na glukosi ya damu ikabaki 15, ameuona uongo kwa macho yake. Mwanamke aliyeambiwa tu kwamba homoni zimevurugika hana namba yoyote ya kumshitakia muuzaji. Asipopona, ataambiwa aongeze kopo.

Sasa turudi shingoni. Goita, au rovu kama wazee wanavyoliita, ni uvimbe wa tezi iliyo mbele ya koo. Tezi ile hutengeneza homoni ya thairoksini, ambayo kazi yake ni kuamua mwili uwake kwa kasi gani: moyo upige vipi, chakula kiunguzwe vipi, joto litunzwe vipi, ubongo wa mtoto aliye tumboni ukue vipi. Ili kuitengeneza, tezi inahitaji madini joto. Ni kidogo sana yanayohitajika, kiasi kwamba yale ya maisha yote ya mtu hayajazi zaidi ya kijiko cha chai, lakini lazima yaje kidogo kidogo bila kukatika. Kwenye milima yenye mvua nyingi madini hayo yameoshwa na kupelekwa na maji kwa karne nyingi, kwa hiyo udongo hauna, mahindi hayana, viazi havina, na mboga iliyoota hapo haina. Yakikosekana, tezi hushindwa kutoa homoni ya kutosha, na tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, inapogundua upungufu huo hutuma amri kali zaidi na zaidi. Tezi ya shingo hutii kwa njia pekee inayobaki kwake: inavimba. Kwa hiyo goita unayoiona ni alama ya mwili unaojitahidi kufidia pengo. Na pengo hilo huwauma zaidi wanawake, kwa sababu ukuaji wa balehe na ujauzito hupandisha mahitaji. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito anahitaji 250.

Mwaka 1965 daktari Michael Latham, aliyefanya kazi nchini tangu enzi za Tanganyika, alichapisha uchunguzi wake wa goita huko Ukinga, katika milima ambayo leo ni Wilaya ya Makete. Alikuta uvimbe wa shingo ni jambo la kawaida kiasi kwamba asiye nao ndiye aliyeonekana wa pekee. Fikiri kwamba mambo yangeachwa hapo. Kila mwanamke wa Ukinga angetafutiwa sababu yake: huyu karogwa, huyu alibeba mizigo kichwani akiwa na mimba, huyu ni ukoo wao. Kilichobadilisha hali ni kwamba watu walikubaliana kitu gani hasa kimepungua, wakatafuta namna ya kukipima, halafu wakakirudisha. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilipopima watoto wa shule katika miaka ya 1980 ilikuta karibu robo yao wana goita. Kati ya 1986 na 1994 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa kwa watu wapatao milioni 5 katika wilaya 27 zilizoathirika zaidi, zikiwemo za Iringa na Mbeya, wakati nchi ikijiandaa kuweka madini hayo kwenye chumvi. Kazi haikwenda kama ilivyopangwa, maana vidonge vilichelewa, raundi zilirukwa, na kwa wastani waliofikiwa walikuwa kiasi cha asilimia 64 ya walengwa. Miaka ya 1990 sheria ikaitaka chumvi yote ya kula iwe na madini joto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ukakuta goita kwa watoto wa shule imeshuka hadi karibu asilimia 7.

Naomba tusiupambe ushahidi kupita ulivyo. Mwaka 2009 wachumi watatu, Field, Robles na Torero, walichapisha utafiti uliodai kwamba watoto ambao mama zao walipata vidonge vile wakati wa ujauzito walisoma shule muda mrefu zaidi, hasa wasichana. Habari ilisambaa, na kwa kweli ilipendeza. Baadaye watafiti wengine walizirudia hesabu zile kwa takwimu zaidi, na faida ile ya masomo haikuonekana. Mimi nasema hivi: kwamba madini joto hujenga ubongo wa mtoto tumboni kumethibitishwa kwa njia nyingine nyingi duniani, ila juu ya kama faida hiyo imeonekana kwenye madarasa ya Tanzania, bado kuna ubishi. Lakini tazama uzuri wa ubishi wenyewe. Watu wanabishana kwa sababu kuna kitu kinachopimika. Juu ya kopo la kusawazisha homoni hakuna ubishi wa namna hiyo, kwa kuwa hakuna aliyejifunga kusema litasawazisha nini.

Tezi hii ya shingo inanifaa kwa sababu nyingine. Chukua dalili zinazotajwa kila siku chini ya jina la homoni kuvurugika, uone ni ngapi zinaweza kutoka kwenye tezi moja tu. Thairoksini ikipungua, mwanamke huchoka, huhisi baridi kuliko wenzake (na Iringa mwezi Juni nani asiyehisi baridi, ndiyo maana dalili hii hupita bila kuonekana), ngozi hukauka, choo huwa kigumu, uzito hupanda, hedhi huwa nzito na ndefu, mimba haishiki au huharibika. Ikizidi, mambo hugeuka: moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, uzito hushuka huku anakula, hedhi hupungua. Kuna pia mlolongo mwingine ambao huwatisha watu. Tezi ya shingo ikilala, amri kutoka ubongoni inayojaribu kuiamsha huchochea pia homoni ya prolaktini, ile inayoamuru maziwa. Matokeo yake mwanamke ambaye hajazaa anaweza kutokwa na maziwa na kukosa hedhi kwa wakati mmoja. Bila kipimo, familia itaelekea kwa mganga, na sitawalaumu, maana kwa macho ya kawaida jambo hilo halina maelezo. Kwa kipimo cha damu kiitwacho TSH, maelezo hupatikana siku hiyo hiyo au wiki hiyo, na tiba yake mara nyingi ni kidonge kimoja kila asubuhi. TSH ina kituko chake, kwani husomeka kinyume: ikiwa juu, maana yake kwa kawaida ni kwamba tezi ya shingo imezembea. Mtu asiyejua hilo akiona namba kubwa atadhani homoni imezidi, na atatafuta dawa ya kuipunguza.

Upande wa pili ni hali ambayo madaktari huiita kwa herufi PCOS, ambapo homoni za kiume huzidi mwilini mwa mwanamke, yai halikomai wala kutoka kwa wakati, na picha ya altrasaundi inaweza kuonyesha vifuko vidogo vingi kwenye ovari. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba inawapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui. Huyu ndiye mwanamke wa hedhi moja kwa miezi mitatu, mwenye chunusi na ndevu. Na nyuma yake, mara nyingi sana, yupo mhusika tuliyekwisha kutana naye kwenye benchi la kliniki: insulini. Mwili unapoikaidi insulini, kongosho humwaga nyingi zaidi, na wingi huo huzisukuma ovari kutoa homoni za kiume. Ndiyo sababu mwanamke huyu ana hatari kubwa ya kupata kisukari, na ndiyo sababu kupunguza uzito, kwa aliyezidi, huweza kurudisha hedhi bila dawa yoyote. Sasa linganisha wawili hawa. Mmoja anahitaji thairoksini. Mwingine anahitaji kuangaliwa sukari na ukuta wa mfuko wa uzazi, ambao usiposafishwa na hedhi kwa muda mrefu huweza kuota saratani. Wote wawili waliambiwa neno moja mtaani. Kumpa kila mmoja kopo lile lile ni sawa na fundi anayefungua injini ya kila gari linaloletwa, hata lililoishiwa mafuta.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza. Mtu atasema: dada yangu alikunywa mizizi, miezi minne baadaye akashika mimba, wewe na TSH yako una nini cha kumwambia? Nina hili. Hedhi ina tabia ya kurudi yenyewe. Msichana katika miaka miwili mitatu ya mwanzo huruka miezi, na huo si ugonjwa. Mwanamke anayekaribia miaka 50 huruka miezi, na huo nao si ugonjwa. Ni safari ya kukoma hedhi, pamoja na fukuto na usiku wa kukosa usingizi. Mwenye PCOS huruka miezi mitano halafu wa sita yai linatoka. Msongo, kufiwa, kukonda ghafla, kunyonyesha, vyote husimamisha hedhi na baadaye huiachia. Dawa yoyote itakayonywewa katikati ya safari hiyo itapewa sifa ya mwisho wa safari. Sisemi mizizi haina nguvu. Baadhi ya mimea ina kemikali zenye nguvu halisi, na nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 pamoja na baraza lake kwa kuwa inaitambua kazi hiyo. Lakini kitu chenye nguvu ya kupandisha homoni kina nguvu ya kuipandisha kwa ambaye kwake imekwisha kuzidi. Hata madini joto tunayoyasifu yakizidi huvuruga tezi, na utafiti ule ule wa 2004 ulikuta watoto ambao mkojo wao ulionyesha kiasi kupita kinachotakiwa. Anayeuza nguvu bila kujua upande wa kuielekeza anacheza kamari, na dau si lake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hata hospitalini husema hivyo hivyo. Mwanamke anaeleza dalili zake dakika tatu, mhudumu anaandika bila kuinua uso, kisha anasema, mama, ni homoni tu, na kumpa vidonge. Nakubali. Lawama yangu haiwahusu wauza unga peke yao. Neno hilo hilo, likitoka kwenye koti jeupe, hufunga mazungumzo ambayo yalipaswa kufunguka. Sindano za uzazi wa mpango ni mfano ulio wazi. Wanawake wengi husema sindano imewavuruga homoni, na wataalamu huwajibu kwamba hizo ni imani potofu. Ukweli ni kwamba sindano ile yenyewe ni homoni; inabadilisha damu ya hedhi kwa wengi, na baada ya sindano ya mwisho huchukua kama miezi 10 kwa wastani hadi mimba kushika. Uwezo wa kuzaa hurudi. Mwanamke aliyeambiwa hayo kabla hatashtuka mwezi wa sita. Asiyeambiwa atashtuka, na mtu wa kumpokea yuko tayari stendi na kopo lake. Soko hilo tumelijenga wenyewe kwa ukimya wa chumba cha kliniki.

Wapo pia watakaosema kwamba chumvi ni kisa chepesi: kilikosekana kitu kimoja, kikarudishwa, basi, ilhali homoni za uzazi ni nyingi, zinategemeana, na kuzitaja si kuziponya. Ni kweli kwamba PCOS haina dawa ya kuing'oa. Faida ya kuijua ni kwamba unajua cha kuchunga. Hata kisa cha chumvi si chepesi kama kinavyoonekana toka mbali. Chumvi ya Uvinza hutoka kiwandani na madini yake. Ya wachemshaji na wavunaji wadogo wa pwani ni vigumu kuisimamia, na chumvi ya bahari, kinyume cha wengi wanavyodhani, kwa asili ina madini joto machache mno. Hata iliyowekewa madini, ikikaa kwenye gunia wazi sokoni, ikapigwa jua na unyevu, hupungukiwa njiani. Mama anayeihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na kuitia mboga inapokaribia kuiva anafanya kazi ya homoni bila kuiita hivyo. Ikumbukwe kwamba mkoa huu wa Iringa wenye mahindi tele ndio uliotoka na udumavu mkubwa kuliko mikoa yote kwenye utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 57 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Shibe haijawahi kuthibitisha kwamba virutubisho vimo.

Limebaki pingamizi la fedha, na hili silikwepi. Vipimo vya homoni ni ghali kwa mkulima wa viazi, havipo zahanati, na vingine vitamfikisha hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Lakini kuuliza ni homoni ipi hakumaanishi kuzipima zote. Kuna mpangilio, na mwanzo wake ni nafuu kuliko makopo. Aliyekosa hedhi apimwe mimba kwanza, hata kama anaapa haiwezekani. Anayechoka apimwe wingi wa damu, kwa kuwa utafiti huo wa 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu, na uchovu wao mara nyingi hauhusiani na homoni. Anayekonda apimwe sukari, Virusi vya Ukimwi na kifua kikuu, kwani Njombe na Iringa zina maambukizi ya VVU makubwa kuliko sehemu nyingi za nchi, na ni hatari kumwacha mtu mwenye VVU akisawazisha homoni kwa mwaka mzima. Vipimo hivyo viko karibu, na havihitaji daktari bingwa. Vyote vikionekana safi, ndipo TSH, prolaktini na altrasaundi vinapostahili nauli.

Na kwa wanaotafuta mtoto, kipo kipimo kinachopaswa kwenda sambamba na cha kwanza cha mke. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya 6 hukutana na ugumba maishani mwake. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo mwanaume ana mchango wake, peke yake au pamoja na mkewe. Kupima mbegu zake kunahitaji kikombe safi, mtaalamu wa maabara, na darubini ya aina ile ile inayosomea malaria. Ni kipimo rahisi kuliko karibu vyote nilivyovitaja, na katika nyumba nyingi ndicho kinachoombwa mwisho, mke akiwa amekwisha kumaliza kopo la tatu.